Haya Isimzuie Mzee Kusafishwa



Mama mmoja msomaji wetu ametuletea swali ambalo tumeona tulijibu hapa, kwani hatudhani ni nyumba yake peke yake yenye mtihani huu. Mumewe, mtu mzima aliyepita miaka 60, amepangiwa siku ya kuchukuliwa vinyama vya tezi dume ili vipimwe kama vina saratani. Amepewa vidonge vya antibiotiki, na ameambiwa kwamba siku hiyo itabidi apigwe bomba. Vidonge amevikubali. Bomba amelikataa katakata, akisema mtu wa umri wake hafanyiwi mambo hayo. Mama anauliza: je, vidonge havitoshi?

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kwa sababu ya ujirani huo, njia iliyozoeleka kwa miaka mingi ni daktari kuingiza chombo cha altrasaundi katika njia ya haja kubwa, kisha kupitisha sindano katika ukuta wa utumbo mpaka kwenye tezi. Vinyama huchukuliwa aghalabu 10 hadi 12, na kila kimoja ni tundu lake. Utumbo ule nao ni makao ya bakteria wasiohesabika, ambao wakikaa pale pale hawatudhuru. Sindano inapopita yaweza kuwabeba na kuwatia ndani ya tezi, katika mkojo, na hata katika damu. Wanaume walio wengi hutoka salama, lakini wachache hushikwa na maambukizi makali ya damu, nayo huweza kuua.

Vidonge vile basi ni kinga, na visiachwe. Taabu ni kwamba kinga hiyo imedhoofika. Dawa iliyotumika zaidi kwa kipimo hiki ni siprofloksasini, na sote twajua jinsi dawa kama hizo zinavyonunuliwa mitaani kwetu: tumbo likiuma kidogo mtu huenda duka la dawa bila cheti, akameza siku mbili, akipata nafuu akaacha. Bakteria wanaosalia ni wale walioizoea dawa. Siku ya kipimo hao ndio sindano itakaowakuta, na kidonge hakitawafanya kitu.

Hapa ndipo usafishaji unapoingia, na yafaa tutenganishe mambo mawili. Bomba la kutoa choo humsaidia daktari kuona vizuri, lakini tafiti hazijathibitisha kwamba peke yake linazuia maambukizi. Jambo la pili ni kuosha ukuta wa utumbo kwa povidoni ayodini, dawa ile ile ya rangi ya kahawia tunayopakwa kwenye vidonda, muda mfupi kabla ya sindano. Hili tafiti zimeonyesha kwamba hupunguza maambukizi, na jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa njia ya mkojo inalipendekeza kwa kila anayepimwa kwa njia hiyo. Ayodini huua hata bakteria waliokwisha kuishinda antibiotiki.

Kwa hiyo, mama, mwambie mzee avumilie bomba kama alivyoagizwa, kisha mwende pamoja mkamuulize daktari kama ataoshwa kwa ayodini. Muulizeni pia kama hapo hospitalini wanaweza kupitisha sindano katika ngozi ya msamba, ambako sindano haipiti katika utumbo na maambukizi huwa machache zaidi. Bomba la kujitengenezea nyumbani kwa sabuni au mitishamba lisijaribiwe, kwani huweza kuchoma utumbo.

Daktari naye ana haki ya kuambiwa ukweli: antibiotiki zilizomezwa miezi 6 iliyopita, kulazwa hospitali, kisukari, dawa za kuzuia damu kuganda, na mzio wa ayodini. Mara nyingi mke hukumbuka haya vizuri kuliko mwenye mwili.

Kwa mwenye kufunga, katika madhehebu yetu ya Shafi bomba hubatilisha saumu. Kipimo na kipangwe siku isiyo ya kufunga. Daktari akisema hakingojeki, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na ufafanuzi zaidi uko kwa sheikh wenu.

Akisharudi nyumbani, damu kidogo katika mkojo au choo kwa siku chache isiwatie hofu, na katika manii huweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Kinachotaka haraka ni joto la mwili kufika digrii 38, kutetemeka kwa baridi, mkojo kuziba, au damu nyingi yenye mabonge. Wanaume wetu ni hodari wa kusema "ni malaria tu, nipe parasetamo, tutaona asubuhi." Asubuhi isingojewe. Apelekwe hospitali saa ile ile hata kama ni usiku wa manane, mkichukua karatasi ya kipimo na majina ya vidonge alivyomeza, na anayewapokea aambiwe kabla ya lolote kwamba mzee huyu amechukuliwa vinyama vya tezi dume, na ni siku ya ngapi.