Kamanyola: Saa moja na nusu haiko katika sheria

Patroni akitaka kumwondoa kijana anayechelewa, husema ni sheria. Basi isomwe. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka kikomo: saa 9 kwa siku, saa 45 kwa juma. Haisemi kwamba kila mfanyakazi wa Kamanyola aanze saa moja na nusu kamili. Tena inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku. Ni mapatroni wangapi wanaotoa hata hayo?

Tangu Februari 2025, vita vilipoingia Bukavu na kushuka hadi hapa, kuna vijana waliohama wanaolala kwa jamaa, mbali na kazi. Anayerudi kutoka Bukavu Jumatatu anapita Ngomo, na mvua ikinyesha Ngomo haina ratiba. Anayezungukia Rwanda anakuta foleni mpakani. Akianza saa tatu na kutoka jioni, si amefanya saa zile zile? Mwuguzi abadilishane zamu na mwenzake. Mwalimu wa sekondari apewe vipindi vya baadaye. (Hilo halihitaji mfadhili.)

Halafu mapatroni wanalalamika kwamba vijana hawadumu! Wanamfundisha mtu miezi, wanamfukuza kwa nusu saa, kisha wanamchukua mwingine atakayepita barabara ile ile. Na mshahara huo ndio unaolisha nyumba nzima ya waliohama.

Kabla ya barua ya kufukuza, patroni amwite kijana, wapange saa, waziandike, wote wawili watie sahihi.