Redio ya motokari chumbani

Umeme ukikatika Lubumbashi, chumbani mwangu muziki hauzimi. Redio ya motokari inakula volti 12 moja kwa moja kutoka batri, na bafle zake mbili nimezifunga ndani ya sanduku la mbao. Fundi alinielekeza hivi: «Waya wa njano unakumbuka, mwekundu unaamsha, mweusi unarudisha.» Ni kweli tupu: ukikata wa njano, redio inasahau saa na vituo. (Fyuzi iwe karibu na batri, mimi nilipuuza, nikaunguza waya.)

Halafu tunaambiana kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi! Ninakataa. Kila mwaka tunachambua methali zilezile, lakini sijaona mwenzetu akienda kwa mafundi wa Katuba na daftari mkononi.