Nyigu Asiyedai Ujira

Katika nchi hii ya Kigoma, ambako ugali wa muhogo kwa migebuka ni chakula cha tajiri na fukara, nastaajabu kuona kwamba aghalabu hatajwi mdudu aliyeuokoa muhogo wenyewe. Na kimya hicho kina hasara, kwani waliomsahau ndio wanaokwenda leo dukani kununua sumu ya kila kitambaacho shambani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingia katika nchi za Kongo kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo aliyevikwa nta nyeupe kama unga, asili yake Amerika ya Kusini, ambaye majike wake hutaga mamia ya mayai pasipo dume. Naye, kwa kuwa huku ugenini hakuwa na adui, alisambaa pamoja na vipando ambavyo watu walipeana kijiji kwa kijiji, hata katika miaka ya 1980 akafika Tanzania. Alikopita, kisamvu kilijikunja, mashina yakadumaa, na kiangazi kilipokaza vikabaki vijiti vitupu. Sumu haikuwa tiba, maana mdudu hujificha ndani ya majani yaliyojikunja, na mwenye shamba la chakula cha nyumbani hana fedha ya kulinyunyizia.

Wataalamu wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoko Ibadan, wakiongozwa na Hans Herren, waliona afadhali kumtafuta adui wa kidung'ata huko huko kwao, naye akapatikana Paraguay mwaka 1981: nyigu mdogo sana, ambaye hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata, na buu akamla kwa ndani mpaka likasalia ganda. Aliwekwa kwanza karantini Uingereza, akachunguzwa, kisha akaachiliwa Nigeria mwaka ule ule. Baadaye akamwagwa hata kwa ndege, akavuka mipaka ya Afrika bila ya pasi wala ushuru. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mkulima hakutozwa senti.

Yuko atakayeuliza, na ana haki: je, Unguja haikuletewa kunguru wa Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka, wakageuka balaa kwa vifaranga? Ni kweli. Lakini kunguru hula kila kitu, ndiyo maana aliletwa. Nyigu huyu humtaka kidung'ata tu, ndiyo maana aliruhusiwa.

Wala sidai kwamba nyigu ni dawa ya kila dhila: batobato na michirizi ya kahawia ni maradhi ya virusi, na huko hapana budi kutafuta vipando safi. Ninalolikataa ni wepesi wa kushika bomba. Tangu kiwavijeshi vamizi alipoingia nchini mwaka 2017, wako wanaopulizia mahindi bila ya kuchungulia kwanza, ilhali mahindi hayo mara nyingi yamo katikati ya muhogo. Hapo nyigu, asiye na nta ya kumkinga, hufa kwanza, na kidung'ata akabaki kustarehe.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Uvinza iwaagize mabwana shamba wake, hususan wa Ilagala na vijiji vya pembezoni mwa Malagarasi, kwamba kabla ya kumshauri mtu anunue sumu, waketi naye shambani, wafunue kilele cha muhogo, wamwonyeshe maganda makavu ya vidung'ata yenye tundu alikotokea nyigu. Na yakionekana, chupa ibaki dukani.