Seva kubwa haitaikata poligoni yenu

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na sababu ni Mlima Kenya. Sikuupanda. Nimekuwa nikigombana na ramani yake.

Kazi ni hii: wakulima wa kahawa wa Meru na Embu wanatakiwa kumwonyesha mnunuzi wa Ulaya shamba liko wapi hasa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 (utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, ila haijafutwa) inakataa kahawa iliyolimwa mahali palipofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba linalozidi hekta 4 lichorwe mpaka wake wote. Dogo linaruhusiwa nukta moja. Sisi tuliyachora yote, kisha nikaiuliza PostGIS: kila shamba limeingia msituni kiasi gani? Nilianzisha ulizo jioni. Asubuhi lilikuwa bado linazunguka.

Mkubwa mmoja akasema tununue seva kubwa zaidi. Jamani! Kila kitu kikichelewa dawa ni memori, kama mtu anayebadilisha gari kwa sababu barabara ina mashimo.

Tazameni tatizo lilipo. Faharasa ya anga haihifadhi umbo lenyewe. Inahifadhi kisanduku cha pembe nne kinachozunguka umbo. Sasa, msitu wa mlima huu umekaa kama ngata ya kubebea mtungi: duara lenye tundu katikati, kilele kikiwa ndani ya tundu. Ukiweka ngata kwenye kisanduku, kona zote nne ni mashamba ya watu, na faharasa inajibu kwamba yote "huenda" yamo msituni. Hapo hifadhidata inalazimika kuupitia mpaka wote, maelfu kwa maelfu ya nukta, kwa kila shamba. Umbo kubwa namna hiyo halienei hata kwenye ukurasa mmoja wa PostgreSQL, ambao ni kilobaiti 8, kwa hiyo hukatwakatwa na kuwekwa pembeni, mahali wenyewe wanapaita TOAST, yaani mkate wa kubanika (msiniulize). Kulisoma ni kwenda kuliokota huko.

Mwenzangu mwingine, kijana mwerevu kabisa, akaleta ujanja wake: ST_Simplify, punguza nukta. Ulizo likaisha upesi, tukapigiana makofi. Tatizo aliandika 0.01 akiona ni kitu kidogo. Ramani ilikuwa katika digrii. Barabara ya Embu hadi Meru inavuka ikweta, na hapa kwetu digrii moja ni kilomita 111 hivi, uende kaskazini au mashariki. Kwa hiyo 0.01 ni ruhusa ya kuusogeza mpaka zaidi ya kilomita moja. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Pangeni mashamba ya ekari moja kwa mstari: kama 17 yanaweza kumezwa na msitu kwa sababu mtu wa kompyuta alikuwa na haraka! Na kweli, orodha ya "walio msituni" ilijaa watu ambao hawajawahi kukata mti wa serikali.

Hili ndilo linaloniudhi. Mpaka wa msitu si mchoro wa kupendezesha ukurasa wa wavuti. Ukitaka picha iwe nyepesi, punguza nukta utakavyo. Ukitaka kumhukumu mtu, acha mpaka ulivyo.

Dawa imekuwepo tangu PostGIS 2.2 ya mwaka 2015:

CREATE TABLE msitu_vipande AS
SELECT id, ST_Subdivide(geom, 256) AS geom FROM msitu;
CREATE INDEX ON msitu_vipande USING gist (geom);

Msitu unakatwa vipande visivyozidi nukta 256 kila kimoja, na kila kipande kina kisanduku chake kidogo. Tundu la ngata linabaki tupu, kona zinabaki tupu, na shamba linalinganishwa na vipande vya jirani tu. Mpaka haujasogezwa. Angalizo moja: shamba lililolalia vipande viwili litatokea mara mbili, kwa hiyo jumlisheni eneo kwa GROUP BY. Mimi nilisahau mara ya kwanza, nikapata shamba lililoandikwa mara tatu.

Safari hii ulizo liliisha kabla chai yangu haijapoa, kwenye seva ileile.

Ila orodha mbovu ilikuwa imeshatumwa, na mzee mmoja wa upande wa Runyenjes alikuwa ameshaambiwa kahawa yake ina kasoro. Nilimpigia mwenyewe kumwambia shamba lake liko palepale.

"Kwani lilikuwa limeenda wapi, kijana?" akaniuliza.