Kisha operesheni ya moyo, kazi haijaisha

Wachimbaji wetu wanajua wolframu. Wachache wanajua kama chuma inayotoka ndani yake, tungsteni, njo inafanya kazi ndani ya mashini ya radio, ile muganga anatumia kuangalia mwili. Na kwa musaada wa mashini hiyo, leo kuna mioyo inatengenezwa bila kupasua kifua.

Mutu akipasuliwa moyo, waganga wanaweza kuziba tundu kwa kiraka, ama kuweka valvu mpya. Kwa wengi inaenda vizuri. Kwa wengine mushono unaachia: damu inapita kando ya kiraka ama pembeni ya valvu. Zamani walifungua kifua tena, na mara ya pili hatari inaongezeka. Tangu miaka ya 1990 kuna njia ingine. Muganga anapitisha mupira mwembamba, kateteri, ndani ya mushipa wa paja mpaka kwenye moyo, anaacha pale kizibo cha nyuzi za nikeli na titani. Haifai kwa wote: kukiwa mikrobu kwenye valvu, ama valvu imelegea sana, kisu kinarudi.

Kwa kazi hiyo, familia za Bukavu zinaangalia Kigali, ama Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza 2015. Watu wanauza shamba, wanauza sehemu yao ya shimo. Mutoto anarudi, tunapiga vigelegele, tunasahau kontroli. Kisha pumzi inakata, miguu inavimba, mukojo unakuwa mweusi kama chai kavu. Nyumbani tunasema: ni karuho! Dolari zinaenda kwa kutapisha sumu, kumbe ni valvu inavuja.

Kwa hiyo tunasema wazi: bei ya operesheni ihesabiwe pamoja na ekografi ya moyo ya kila mwaka. Rapore na jina la valvu vitunzwe kama karata ya uchaguzi, ju bila hizo muganga mwingine anaanza sifuri. Tangu Februari 2025 vita na banki kufungwa vimefanya safari kuwa ngumu zaidi; kontroli ya karibu inakuwa lazima.

Kode ya mine ya 2018 inapatia maeneo yetu 15% ya redevance. Hatuombi kesho chumba cha kateteri. Tunaomba ekografi moja nzuri na mutu aliyefundishwa kuisoma. Wolframu inatoka kwetu. Tuone basi na sisi ndani ya mioyo ya watoto wetu.