HOFU YA SINDANO IONDOLEWE KWA MAELEZO

Mwezi Februari 2022 Malawi ilitangaza kuwa mtoto mmoja wa Lilongwe amepatwa na polio. Mwezi uliofuata Serikali yetu ilianza kuwapa watoto matone ya chanjo katika mikoa inayopakana na nchi hiyo, Mbeya ukiwamo. Wananchi wa Kyela hawakuhitaji ramani kuelewa sababu. Mto Songwe ndio mpaka, Kasumulu ndiyo njia, na mitumbwi ya Ziwa Nyasa haimuulizi abiria afya yake. Ndugu zetu wa visiwani nao wanajua kwamba chombo kiletacho mgeni huweza kuleta na maradhi.

Matone yale humezwa bila maumivu. Lakini chanjo za surua, pepopunda na ile ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi ni za sindano, na hapo ndipo baadhi yetu, hata watu wazima, huanza kutafuta visingizio.

Hofu hiyo si jambo la kuchekwa. Mwaka 1977 huko Merka, Somalia, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alikuwa amekwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu. Alipanda gari pamoja na wagonjwa kwa muda mfupi tu ili awaonyeshe njia, akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui nje ya maabara. Alipona. Baadaye aliwahimiza wazazi wa nchi yake wawapatie watoto chanjo ya polio, akiwasimulia yaliyomfika, hadi alipofariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi waache kuwatisha watoto kwamba wakilia watachomwa sindano. Mama amnyonyeshe mtoto wakati anapochanjwa. Mwenye desturi ya kuzimia aseme mapema, achanjwe akiwa amelala.

Watendaji nao wasiigeuze chanjo kuwa msako. Waeleze ugonjwa unaokingwa na homa ndogo inayoweza kufuata, na kila mtu aone sindano mpya ikifunguliwa mbele yake.

Mwisho, tunawataka viongozi wa Chama na Serikali, kuanzia Matema hadi Kasumulu, kila chanjo ya watu wazima inapofika, wawe wa kwanza kukunja mikono ya mashati yao hadharani.