Pima Maji Kabla ya Kumhukumu Mtu



Miongoni mwa mashauri yanayofika mbele ya tume za Haki na Amani katika parokia za mjini, lipo moja ambalo mtu angeweza kulidharau kwa kudhani kuwa ni la matajiri peke yao. Ni shauri la bwawa la kuogelea linalovuja. Mwenendo wake unafanana karibu kila mara. Ankara ya maji inapanda ghafula. Mwenye nyumba anamwita mtunza bustani na kumwuliza ni nani anayemwuzia maji usiku. Kijana anakana. Mwisho wa mwezi mshahara wake unakatwa, na pengine anafukuzwa kazi. Mwezi unaofuata ankara inapanda tena, wala hakuna wa kumwomba radhi, kwa kuwa aliyelaumiwa amekwisha kurudi kwao.

Tunasema wazi kwamba desturi hiyo ni dhuluma, na tena ni dhuluma ya uvivu, kwa maana ukweli wa jambo hili waweza kujulikana kwa siku mbili kwa kutumia ndoo moja na kipande cha penseli.

Tuanze na hesabu. Bwawa dogo la nyumbani, lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 4, lina uso wa mita za mraba 32. Maji yake yakishuka sentimita moja tu, lita 320 zimeondoka, yaani madumu 16 ya lita 20. Jua na upepo vina sehemu yao, ambayo aghalabu ni kama nusu sentimita kwa siku, na zaidi kidogo penye upepo mkali. Basi bwawa likishuka sentimita 3 kwa siku, sentimita mbili na nusu haziwezi kusingiziwa jua. Hizo ni lita 800, au madumu 40. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 24,000, ambazo kwenye ankara husomeka uniti 24. Shirika la Afya Duniani hukadiria mahitaji ya mtu mmoja kuwa lita 50 hadi 100 kwa siku. Kwa kipimo cha chini, tundu lisiloonekana linameza kila siku maji ya watu 16.

Na kwa nini halionekani? Kwa sababu mabwawa mengi yana boya linalofungulia maji ya bomba kila yanapopungua. Mwenye nyumba huona bwawa limejaa asubuhi na jioni, naye hutafuta mwizi.

Wala mtu asiseme kwamba maji ni yake kwa kuwa ameyalipia. Jiji la Dar es Salaam hunywa kwa sehemu kubwa kutoka mto Ruvu, ambao chimbuko lake ni milima ya Uluguru. Ukame wa mwaka 2022 ulipoupunguza mto huo, mgawo wa maji ulitangazwa mwezi Oktoba. Katika mgawo wa namna hiyo, mwenye kisima na tangi kubwa hasumbuki sana. Anayesumbuka ni mama anayenunua dumu moja moja.

Sasa tuje kwenye upimaji. Fungeni kwanza ile njia ya boya, na pasiwe na mtu wa kuogelea. Chukueni ndoo, ijazwe maji ya bwawa, itiwe jiwe ili isielee, kisha isimamishwe juu ya ngazi ya ndani ya bwawa, maji ya ndani yakiwa sawasawa na ya nje. Wekeni alama mbili, moja ndani ya ndoo na nyingine nje yake. Subirini saa 24 zisizo na mvua. Jua huyanywa maji ya ndoo na ya bwawa kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo, ikiwa bwawa limeshuka kuliko ndoo, tofauti hiyo ni mvujo. Kipimo hiki kifanywe mara mbili, pampu ikiwa inafanya kazi na ikiwa imezimwa. Upungufu ukizidi wakati pampu inafanya kazi, shukuni mabomba yanayorudisha maji bwawani. Ukiwa uleule, yaelekea ubovu u katika bwawa lenyewe. Mapovu ya hewa yakionekana kwenye pampu, tazameni bomba la kuvuta.

Kabla ya kuvunja kigae hata kimoja, kagueni chumba cha pampu. Mara nyingi mpira wa valvu ya chujio huchakaa, na maji hutiririka polepole katika bomba la kumwaga uchafu pasipo mtu kujua. Mpira huo ni wa bei nafuu, lakini wapo waliokwisha kuchimbua ua mzima kwanza! Tazameni pia nyasi zilizo kijani kuliko nyingine wakati wa kiangazi, na vigae vilivyodidimia.

Kama bado mvujo haujulikani, zimeni pampu mkaache maji yashuke hadi yatakapokoma yenyewe. Yakikoma kwenye ule mdomo wa ukutani unaonyonya takataka za juu, shukuni kiungo kati ya plastiki yake na saruji, ambacho huachana upesi kuliko vyote. Yakikoma kwenye taa, shukuni njia ya waya, lakini asiiguse mtu kabla umeme haujakatwa kwenye swichi kuu. Kisha, maji yakiwa yametulia kabisa, dondosheni rangi ya chakula kwa bomba la sindano karibu na ufa. Rangi ikivutwa kuingia ndani, ushahidi umepatikana.

Ufa mdogo huchongwa kidogo ukazibwa kwa gundi ya epoksi ya aina inayoshika hata chini ya maji. Bomba lililo ardhini ni kazi ya fundi, naye alipime kwa shinikizo kipande baada ya kipande kabla ya kuchimba. Jambo moja lisisahauliwe: bwawa lisimwagwe lote wakati wa masika, hasa karibu na bahari, kwa kuwa maji ya ardhini yaweza kulisukuma bwawa tupu juu na kulipasua.

Turudi kwa mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa dhana tu. Kwa hasara iliyotokea kazini, ni lazima iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu ya deni, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mwenye nyumba asiyeweza kuonyesha hata alama ya penseli kwenye ndoo atawezaje kuonyesha kosa? Waamini wenye mabwawa waliokwisha kukata mishahara bila kupima, tunawataka wapime sasa, na ikionekana kuwa ni bwawa, warudishe fedha hizo zote mbele ya shahidi. Aliyeachishwa kazi aweza kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini muda wake ni siku 30 tu tangu kuachishwa. Kwa hiyo kiongozi wa jumuiya anayepokea malalamiko ya namna hiyo asimwambie asubiri kikao cha mwezi ujao.